Diski ya Marehemu

Diski mpya haikuwa na kitu ndani yake cha kuzunguka, lakini ilikuwa inazunguka.

Fundi aliisikia siku ya pili baada ya kuifunga, saa nne asubuhi, akiwa ameinamia kibodi ya mteja iliyomwagikiwa soda. Kwanza alidhani ni feni ya dari, akaizima. Akadhani ni friji ya jikoni, akaenda kuichomoa. Mlio ukaendelea. Ulitoka kwenye rafu, ndani ya kompyuta mpakato ya marehemu mumewe: mvumo mwembamba, halafu tik, tik, tik, kama mtu anayepekua droo taratibu.

Asiyeijua kazi hii asingeshtuka. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na fundi mzoefu huijua afya ya diski kwa kuitegea sikio tu. Lakini hii ilikuwa ya kisasa, chipu tupu zilizopangwa kwenye ubao mwembamba. Haina sahani, haina mota, haina hata kipande cha kulegea. Kuisikia ikilia ni sawa na kulisikia tofali likikohoa.

Aliishusha rafuni akaiweka sikioni. Kwenye matundu ya hewa kulitoka harufu ya chumba kilichofungwa miaka, vumbi na nguo zilizokunjwa na unyevu wake. Mashine yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Labda ni masikio yangu," alisema, akairudisha, akaendelea kubandua vitufe vya kibodi.

Tumwelewe kabla hatujamlaumu. Mwezi wa tisa ulikuwa unakatika tangu amzike mumewe, aliyeanguka bafuni asubuhi moja na mswaki mkononi, na tangu siku hiyo Fundi hakuwa amedondosha chozi. Majirani walisema yao, maana kinywa cha mtu hakina kufuli. Wengine walisema ana roho ngumu, wengine wakasema lazima ana mwingine. Ukweli ni kwamba alikuwa amekufa ganzi. Akipewa pole alijibu "nimeshapoa," na kweli alikuwa amepoa, kuanzia utosini mpaka unyayoni. Alikula bila kuonja na kulala bila kuota. Sehemu moja tu ndani yake ilikuwa bado hai, nayo ilikuwa ya binti yake.

Binti alikuwa na miaka minane. Alianza kusema akifumbua macho na kuacha akiyafumba, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, hata walimu. Akiulizwa swali moja alijibu matatu, na la nne akalijibu njiani akirudi kwao. Cheko lake lilianza na kwikwi, kisha likamwagika. Baba yake alikuwa akisema nyumba haihitaji redio.

Chiriku ndiye aliyesababisha kompyuta ifunguliwe. Shule walitaka kila mtoto ajirekodi akisoma kwa sauti, naye akakumbuka mashine ya baba.

"Mama, inasema imejaa."

"Imejaa nini?"

"Imejaa tu. Hata picha moja haiingii. Hata picha ndogo. Hata nukta."

Fundi alishangaa kidogo. Mumewe alikuwa mnukuzi. Watu walimletea sauti za mikutano na mahojiano, naye akavaa hedifoni akaandika kilichosemwa, neno kwa neno. Maandishi hayali nafasi. Unaweza kuandika maisha yako yote na diski isijue kama umeandika. Basi alifungua folda moja baada ya nyingine mpaka akaikuta iliyoshiba. Iliitwa Pana Mtu. Ndani yake mlikuwa na faili za sauti mia tatu na kumi na moja, zote za urefu uleule, zote sawa kwa uzito. Akabonyeza moja.

"Pana mtu," ilisema sauti ya mumewe. "Pana mtu. Pana mtu. Pana mtu."

Aliisema kwa utulivu, kama mtu aliye chooni anavyomjibu anayegonga. Fundi alisikiliza dakika nzima. Alijua kwamba mjane anayeisikia sauti ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu mazishi hupaswa kushikwa na kitu, akangoja ashikwe, hakushikwa. Akabonyeza ya pili, ya kumi, ya mia mbili. Zote zilikuwa zilezile. Akawaza kwamba maskini, kazi ya kuvaa hedifoni kutwa ilikuwa imemlegeza nati, naye hakumgundua.

Kilichofuata ni kile ambacho fundi yeyote angefanya, na hapo ndipo msiba wa pili ulipoingia. Alinunua diski kubwa, kubwa mara nane ya ile ya zamani. Akaziunganisha mbili hizo kwa waya, akahamisha picha, barua, kazi za kunukuu na makorokoro mengine yote. Zile mia tatu na kumi na moja hakuzihamisha, kwa sababu vitu vinavyojirudia havihamishwi, ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi. Kisha akaifuta diski ya zamani mara tatu mfululizo. Huo ulikuwa utaratibu wake mwenyewe, na aliwatambia wateja nao: wengine hufuta mara moja na mwenye ujuzi akazirudisha siri zako, "lakini nikifuta mimi, hata mimi sirudishi." Diski ilikuwa bado nzima, akamfungia mwalimu mmoja wa kuendesha magari ambaye yake ilikuwa imekufa. Kitu kizima hakitupwi.

"Haya," alimwambia Chiriku akikaza skrubu ya mwisho. "Sasa una nafasi ya kuweka dunia nzima."

"Na nyota?"

"Na nyota."

Chiriku akacheka kwikwi yake, akaichukua mashine akaenda kujirekodi mezani. Fundi alilisikia cheko hilo akiwa anafuta vumbi kwenye bisibisi, na hakulitia maanani, kama tusivyotia maanani maji ya bomba mpaka yakatike.

Siku ya tatu alikuja wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mshonaji wa sare za shule. Wifi huyu hakujua kuingia nyumbani kwa mtu bila kumchokoza.

"Wifi, hii ni chai, au umesuuza kikombe ukaona maji yake usiyamwage?"

Utani huu ulikuwa mkongwe kuliko Chiriku mwenyewe, na kila mara ulimgaragaza sakafuni. Safari hii mtoto aliinua macho, akamtazama shangazi yake, akayarudisha kwenye daftari.

"Mgonjwa huyu?" wifi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hana homa."

"Mimi sijauliza homa."

Siku ya nne Chiriku aliulizwa kama anataka kuoga kwanza au kula kwanza, akasema vyovyote. Mtoto ambaye "sitaki" lilikuwa neno lake la pili kulijua, baada ya "mama," alisema vyovyote. Siku ya tano alianguka ngazini akachubuka goti, akainuka akaendelea kupanda, damu ikimchuruzika mpaka kwenye soksi. Hakulia. Nyumba ikawa kimya, na katika kimya hicho mlio wa rafuni ulisikika vizuri zaidi. Ulikuwa umepungua wembamba. Sasa ulivuma kama kitu kilichoshiba.

Fundi aliifungua mashine. Nafasi aliyoiacha tupu ilikuwa imepungua karibu robo. Palikuwa na faili ambazo hakuziweka, bila majina, zenye tarehe na saa peke yake. Akavaa hedifoni za mumewe akabonyeza ya kwanza, akamsikia binti yake akicheka. Kwikwi, kisha cheko likamwagika, na halikukoma. Mtoto alicheka bila kuvuta pumzi, dakika tano, dakika kumi, cheko lilelile la siku ya diski, likiwa limenyooshwa kama uzi unaovutwa kutoka kwenye fulana mpaka fulana iishe, na nyuma yake, mbali kidogo, palikuwa na mtu aliyekuwa anasikiliza, huwezi kusema ulijuaje, hakupumua wala hakusogea, lakini chumba ambacho mtu anasikiliza kina kimya chake, na mnukuzi yeyote angekuambia hivyo. Faili ya pili ilikuwa "sitaki." Ya tatu ilikuwa kilio cha goti.

Alivua hedifoni. Alijua kwamba hii ndiyo hofu, akaitafuta ndani yake akaona ni ndogo, iko mbali. Akaamua kuifuta diski yote. Kidole kilikuwa juu ya kitufe aliposikia harufu ya kitu kinachoungua, na hiyo haikutoka kwenye matundu.

Chiriku alikuwa amesimama kwenye meza ya kazi. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimeachwa kwenye umeme, na mtoto alikuwa amekikamata kwa kiganja, upande wa moto, na anakitazama.

"Mama," alisema, "kinanuka."

Hapo ile sehemu moja iliyobaki hai ilimpasuka Fundi kifuani, akapiga kelele ambayo hakuipiga siku ya mazishi. Alimnyang'anya chuma, akamburuta bombani, akakiweka kiganja chini ya maji akimwita jina lake halisi, na mtoto akasimama pale kwa utii, akiangalia ngozi yake inavyobadilika rangi, akiuliza kama bado atahitajika kuandika kazi ya shule kwa mkono huo. Woga ulikuwa umeondoka, na maumivu yameondoka nao, na mtoto asiyeogopa moto hataogopa gari, hataogopa dirisha la ghorofani, hataogopa chochote mpaka kimuue. Fundi aliliona hilo wazi. Angempoteza mwanawe ndani ya wiki hiyo.

Wifi alifika na uzi shingoni na sindano kwenye kola. Alimtazama mtoto aliyefungwa bandeji, akaitazama rafu.

"Kompyuta ya kaka umeifungua?"

"Nimeibadilisha diski. Ilikuwa imejaa."

"Na zile sauti?"

"Sauti zipi?"

"Wifi, usinitanie leo. Za pana mtu."

"Nilizifuta."

"Si zinarudishwa? Wewe si fundi?"

"Nilifuta mara tatu," Fundi alisema.

Wifi akakaa chini, sakafuni, pale alipokuwa. Alipoanza kusema alinong'ona, na kila baada ya maneno machache aliitazama rafu.

"Kuna watu walimletea kazi. Saa nane za sauti. Walikuwa na nyumba yao iliyofungwa miaka mingi, wakaacha kinasa sauti mle ndani, wanataka kujua nani anasema usiku. Kaka akasikiliza zote. Si unamjua, hata kimya alikuwa anakinukuu. Akaja kwangu akaniambia, 'Dada, mle hakuna anayesema. Kuna anayesikiliza.'"

"Jini?"

"Mimi sijui anaitwaje. Anakaa patupu, ndicho nilichoambiwa. Pasipo na mtu. Alikaa kwenye ile sauti, akahamia kwenye mashine. Kaka akaacha kupiga mluzi. Hukuona?"

Fundi aliona. Mumewe alikuwa akinyoa ndevu huku anapiga mluzi, halafu siku moja akawa ananyoa kimya. Alidhani ni umri.

"Akagundua kwamba akimjazia nafasi yote, jini hana pa kuweka, hachukui. Lakini hawezi kumjazia takataka. Alijaribu, zikaliwa. Lazima iwe sauti ya mtu aliye mzima ndani yake, anayesema yupo. Mwaka na nusu, wifi. Ukienda kununua vipuri, anarekodi. Mkilala, anarekodi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua, utaifungua na bisibisi."

Fundi aliinuka. Alirudi kwenye mashine, safari hii kutafuta faili isiyo na jina iliyo kongwe kuliko zile za mtoto, kwa sababu alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Aliikuta katikati ya kazi za kunukuu, ambako iliingia pamoja na makorokoro aliyoyahamisha. Ilikuwa ya siku ya mazishi, saa kumi jioni. Mumewe alikufa kabla hajaziba nafasi ya mwisho, pengo dogo tu la faili moja, na faili hii ikaingia humo. Akavaa hedifoni. Mwanamke alikuwa analia. Alilia kwa sauti ya tumboni, akisema amka, amka wewe, chai inapoa, nani atanisikiliza mimi, na Fundi alisikiliza muda mrefu kabla hajajitambua. Ni yeye. Kilikuwa kilio chake, chote, ambacho hakupata kukilia. Alikisikiliza mpaka mwisho kama mtu anavyosikiliza ugomvi wa jirani ukutani, kisha akavua hedifoni akaukunja waya wake vizuri.

Mganga alikuja saa nane mchana wa siku iliyofuata, mama mnene mwenye begi la mgongoni na miwani iliyofungwa kwa kamba. Wifi ndiye aliyemleta. Aliizunguka kompyuta mara mbili.

"Inakula umeme au betri?"

"Vyote viwili," Fundi alijibu.

"Basi mmempa nyumba na chakula." Akaweka sikio juu ya kifuniko, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Alipoinuka alikuwa amepauka midomo. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mimi hutoa waliovunja mlango. Huyu alifunguliwa, akafagiliwa, akaongezewa vyumba. Mimi simwezi."

"Nikiivunja diski?"

Mganga alimtazama Chiriku, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na mkono wake mweupe wa bandeji, akitazama ukuta. "Utavunja na vyake vilivyomo. Vikishavunjika huko, huku havirudi."

"Basi anavitoaje?"

"Huyu ni mlafi. Mlafi hatemi kwa kuombwa. Hutema mdomo ukiwa umejaa, hana pa kusogeza ulimi, halafu akaona tonge kubwa kuliko yote yaliyomo." Alivaa begi lake. "Lakini tonge hilo nalo halitarudi. Usije ukasema sikukuambia."

Hakudai chochote. Alitoka akitembea haraka kwa mtu mwenye mwili ule.

Fundi alianza na njia ya mumewe. Alikaa mbele ya maikrofoni akasema, "Pana mtu. Pana mtu." Akarekodi dakika moja, akairudisha kusikiliza. Sauti yake haikuwemo. Palikuwa na mvumo tu, kisha mtoto, Chiriku, akauliza kutoka ndani kabisa, kwa adabu:

"Nani?"

"Mimi," Fundi alisema, na mwenyewe akasikia kwamba ni uongo. Mtu aliyekufa ganzi hawezi kujaza chumba. Na hata angeweza, diski ilikuwa kubwa mara nane. Kilichomchukua mumewe mwaka na nusu kingemchukua yeye miaka kumi na miwili, na Chiriku hakuwa na wiki.

Hapo ndipo ufundi ulipomsaidia, tumpe haki yake. Nyumba ikiwa kubwa mno huna haja ya kuijaza samani. Unaweza kujenga ukuta. Diski hugawanywa, fundi huvuta mstari kwenye kioo akasema hapa mwisho, na kilicho nje ya mstari kinakuwa si chumba tena. Aliuvuta mstari huo. Mashine ikakataa. Akauvuta tena, kidogo kidogo, akiibana nafasi tupu kutoka pembeni, na kadiri alivyobana mlio ulipanda, tik tik tik tik, ikawa hakuna mwanya kati ya tik na tik, na harufu ya nyumba iliyofungwa ikajaa chumba kizima mpaka wifi akakimbia nje na leso puani, na kompyuta ikapata joto la kuunguza meza, na kwenye spika zikaanza kutoka sauti, kwikwi na sitaki na kilio cha goti na mluzi wa mwanamume anayenyoa ndevu na kilio cha mwanamke, vyote pamoja, vikisukumana kama watu waliofungiwa ndani, na Fundi akaendelea kuvuta mstari mpaka kioo kikaandika kile alichokiandika siku ya kwanza, kwamba imejaa, hata nukta haiingii.

Kimya kikarudi. Kitu kilikuwa kinasikiliza, kwa karibu sana.

Alimwomba wifi amchukue Chiriku kwake mpaka asubuhi. Kabla hajakaa kwenye maikrofoni alichukua karatasi. Mafundi wana tabia hiyo: ukiacha kazi ambayo mwingine ataimalizia, unamwandikia ulichofanya na kilichobaki, ili asiharibu. Aliandika ukurasa mzima, pande zote mbili, akaubandika ukutani juu ya swichi. Kisha akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe, akaanza kusema habari za binti yake.

Alisema alizaliwa na nywele zilizolowa na akamtazama mkunga kwa dharau. Alisema hakutambaa kamwe, alijivuta kwa makalio nyumba nzima mpaka nepi zikatoboka. Alisema alilala ameshika sikio la mama yake, na mama akilitoa, mkono wake unalitafuta gizani mpaka unalipata, na kwamba anadanganya amepiga mswaki kwa kuulowesha tu mswaki, na kwamba anaogopa maputo, na akicheza kujificha hawezi kukaa kimya anajitangaza mwenyewe nipo huku, na siku ya mazishi ya baba yake aligawa pipi zake kwa watu wazima moja moja kwa sababu aliona hawana furaha, na kila alichokisema alikisikia kikitoka, si kama mtu anavyosema jambo akabaki nalo, bali kikitoka kabisa, kikiacha mahali pake pakavu, na mara ya kwanza alipotambua hivyo alitaka kuvua hedifoni, lakini akaona kiganja kile juu ya chuma, akaendelea, akatoa la miaka miwili, la miaka mitano, la juzi, akatoa jinsi tumbo lake linavyokaza mtoto akichelewa kurudi, akatoa hata lile lisilo na neno ambalo linamfanya mama aamke kabla mtoto hajaita, na mbele yake faili za mtoto kwenye kioo zilikuwa zinafutika, moja, ya pili, ya tatu, kupisha, na akaendelea kusema mpaka alipofika mahali ambapo alifungua mdomo na hakukuwa na kitu kilichobaki cha kusema.

Kulikuwa kumekucha. Aliizima mashine, akatoa diski, akaifunga ndani ya bati la biskuti, akalikaza bati kwa skrubu kumi na mbili. Diski haikulia. Alikunywa maji. Alijisikia vizuri, hakuwa na kitu chochote kinachomsumbua.

Saa moja na nusu mlango ulisukumwa kwa teke.

"Mama, mkono unauma! Unauma sana! Shangazi ananikorogea chai bila sukari halafu anasema mimi ndiye mtamu, na mimi nikamwambia sitaki, na nimeota nimelala kwenye droo, na mwalimu lazima umwambie siwezi kuandika, na..."

Nyuma yake wifi alikuwa analia na kucheka, anajifuta kwa mkono wa gauni. "Karudi, wifi. Karudi mwenyewe. Aliamka akaanza kupiga makelele, mtaa mzima umeamka."

Chiriku akamtazama shangazi yake anavyojifuta, akaona kichekesho, akapiga kwikwi, likamwagika.

Fundi alimtazama. Aliona msichana wa miaka kama minane mwenye bandeji. Alijua ni nani, alikuwa amemzaa yeye, jina alilijua. Sauti yake ilikuwa kubwa kidogo kwa chumba kile. Akageuka ukutani akasoma karatasi. Mwandiko ulikuwa wake, lakini uliokandamizwa sana, kalamu ilikuwa imetoboa mahali pawili.

Ya kwanza: mtazame mkono, badilisha bandeji. Akabadilisha, taratibu, bila kumuumiza. Ya pili: chai, vijiko viwili, atasema vitatu, mwachie vitatu leo. Akafanya hivyo. Ya tatu: mchane nywele kuanzia chini, si juu. Ya nne: barabarani mshike mkono, usimwachie hata akisema amekuwa mkubwa. Hiyo ingekuwa baadaye.

Ya tano ilisema: kabla hajatoka, piga goti, mkumbatie. Usimwachie mapema, atajua.

Fundi akapiga goti. Mtoto akaja mwenyewe, akaingia mikononi, akaweka kidevu begani kwake na mkono wake mzima ukapanda ukalishika sikio la mama yake. Wifi akageukia dirishani kuwapisha. Palikuwa kimya kwa muda, kimya cha watu wanaopendana, ndivyo wifi alivyokisikia.

"Mama," Chiriku alisema, "mbona unahesabu?"

Fundi hakumjibu, kwa sababu alikuwa kwenye saba. Akasema nane, akasema tisa, akasema kumi, akamwachia.